Mashine ya Pesa za Bati

Ndugu msomaji, kama hujawahi kufika Tukuyu mwezi wa nne, mvua unaisikia tu kwa jina. Kwetu ikiingia inakaa kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Asubuhi ukungu, mchana mvua, jioni mvua tena, na mlima Rungwe unaweza kukaa wiki nzima hujauona ilhali upo hapo hapo juu ya kichwa chako. Nalianza na mvua kwa sababu habari hii ni ya pesa, na pesa zenyewe zilikuwa za bati.

Jiko la mama lilikuwa linavuja. Halikuanza kuvuja jana. Mabati yake yaliezekwa na marehemu baba, yakaliwa na kutu, tukaziba kwa lami, lami ikabanduka, tukaziba tena kwa nailoni. Mwaka 2023 mama akawa amejikusanyia laki tatu, za maparachichi na ndizi, shilingi baada ya shilingi, zimekaa ndani ya kopo la maziwa. Za mabati kumi. Mimi nilikuwa na laki moja na nusu zangu, nilizopata kwa kufundisha masomo ya jioni. Nikamwendea mama nikamwambia, "Mama, nikopeshe. Mwezi wa sita nitakurudishia."

Nilitaka kununua kompyuta ya sataranji.

Najua utacheka. Mama naye alicheka, kisha akaona sichekI naye, akanyamaza. "Mwanangu, mashine ya kuchezea mchezo?" Nikamwambia hapana mama, si ya kuchezea, ni ya kusahihishia. Akaniangalia kama anavyomwangalia mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hawezi kukinunua. Halafu akatoa kopo.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa kujitolea katika sekondari moja huku kwetu. Nilikuwa nimeanzisha kikundi cha sataranji, au chesi kama wanavyosema vijana wenyewe. Tulikuwa na seti moja tu ya plastiki ya kununua. Nyingine zote zilikuwa maboksi tuliyochora miraba 64 kwa kalamu nzito, na kete tulitumia vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi: M ya mfalme, F ya farasi, N ya ngome. Nilichowalazimisha ni kitu kimoja tu: kila mchezo lazima uandikwe kwenye daftari, hatua kwa hatua, hata kama umefungwa kwa hatua kumi. Mwisho wa wiki nakusanya madaftari na kuyasahihisha.

Hapo ndipo pagumu palipoanza. Mimi mwenyewe si mchezaji wa maana. Mwanafunzi ananiuliza, "Mwalimu, hapa nilikosea wapi?" nami nabaki nakuna kichwa. Programu inayojua ipo, na haina bei. Inaitwa Stockfish, ilianza mwaka 2008, na hakuna binadamu anayeweza kuishinda sasa, hata bingwa wa dunia. Jina lake maana yake ni samaki mkavu: Mnorwei aliandika programu ya mwanzo, Mwitaliano akaiendeleza, nao wanasema samaki huyo huvuliwa Norwei akapikwa Italia. Nilipomsimulia mama akasema, "Kumbe usipa." Tangu siku hiyo nyumbani kwetu programu inaitwa Usipa.

Basi piga hesabu nami. Kwa wiki nilikuwa napata michezo kama 24. Kila mchezo, chukua hatua 40 kwa kila upande, ni hali 80 za ubao. Zidisha, unapata hali 1,920. Kila hali ukiipa mashine sekunde kumi tu ifikiri, unapata sekunde 19,200, yaani saa 5 na dakika 20. Usiku mmoja. Lakini hizo ni sekunde kumi za mashine nzuri. Kama mashine yako ni goigoi, itahitaji sekunde thelathini au arobaini kuona kile ambacho nzuri inaona kwa kumi, na hapo usiku mmoja hautoshi.

Shuleni kulikuwa na kompyuta za msaada zenye prosesa za Core 2 Duo. Nilijaribu. Nikapakua Stockfish kwa bando langu, nikaifungua, ikafa palepale bila kusema neno. Nikadhani ni virusi. Baadaye ndipo nikaelewa: programu hii hutolewa katika mafaili kadhaa, kila moja kwa rika lake la prosesa. Prosesa mpya zina maagizo ya ziada ndani yake, na faili linaloyatumia maagizo hayo likipelekwa kwenye prosesa isiyoyajua, inashindwa, basi. Core 2 Duo hailijui hata lile agizo dogo la kuhesabu alama kwa mkupuo mmoja ambalo Intel waliliweka mwaka 2008. Nikatafuta faili la zamani kabisa, la wote, likakubali. Lakini lilikwenda kama punda mwenye mzigo anayepandishwa mlima.

Nikapanda Kosta kwenda Mbeya na laki nne na nusu ndani ya soksi.

Duka lenyewe silitaji. Kijana wa pale alinipokea vizuri, "Karibu bosi, karibu," akanitolea kompyuta mpakato ya mtumba wa Ulaya, imefutwa vumbi inang'aa, na pembeni ina kibandiko: Core i7. Nilikuwa nimesoma soma kidogo, nikajua i7 ni kubwa kuliko i5, na i5 ni kubwa kuliko i3. Nikajiona mjanja. Akaanza na laki tano na ushee, tukavutana, akanipa kwa 430,000. Njiani niliipakata kama mtoto mchanga. Tulipopita Uyole mvua ikaanza, nikavua koti nikalifunika begi.

Usiku ule ule nikaiwasha. Stockfish ina amri moja unayoiandika, "bench", nayo inajipima yenyewe na kukuambia inapitia hali ngapi za ubao kwa sekunde. Nikaipima, kisha nikaiachia michezo ya watoto kwa nguvu zote. Ilianza vizuri, kama laki tisa kwa sekunde. Baada ya dakika kadhaa feni ikalia kama nyuki, na namba ikaanza kushuka. Laki nane. Laki saba. Ikatulia laki sita. Nikadhani nimekosea mahali.

Nikafungua ule ukurasa wa Windows unaoonyesha kazi za mashine. Palepale, kwa herufi ndogo, imeandikwa: viini viwili.

Viini, kwa wasiojua, ni zile bongo ndogo ndani ya prosesa. Kila kimoja kinaweza kufanya kazi yake peke yake, na Stockfish inapenda viini kama nguruwe anavyopenda magimbi. Ukimpa vinne anavitumia vinne vyote. Mimi nilidhani i7 lazima iwe na vinne au vinane. La hasha! Ile namba yenye herufi mwishoni ndiyo inayosema kweli. Yangu ilikuwa i7-4600U. Hiyo U mwishoni maana yake ni prosesa ya kubana umeme, wati 15 tu, ya mpakato nyembamba, na katika rika lile la mwaka 2013 hizo U zilikuwa na viini viwili, ziitwe i3, i5 au i7. Mpaka mwaka 2017 ndipo Intel walipoanza kutia vinne kwenye U, kama ile i5-8250U. Yaani i5 ya mwaka 2017 ilikuwa na viini mara mbili ya i7 niliyopakata mimi. Ndani ya Windows inaonekana kama nne, kwa sababu kila kiini kinabeba nyuzi mbili za kazi, lakini nyuzi mbili kwenye kiini kimoja ni kama watu wawili na jembe moja. Wanasaidiana kidogo, hawalimi mara mbili.

Siwezi kusema yule kijana alinidanganya. Kibandiko kilikuwa cha kweli. Nilichonunua ni kibandiko.

Sikulala. Nilikuwa nawaza kwamba labda nimekuwa mpumbavu tangu mwanzo, si dukani tu. Kwani mwaka 1997, mwezi wa tano, kule New York, mashine ya IBM iitwayo Deep Blue ilimfunga Garry Kasparov kwa pointi tatu na nusu dhidi ya mbili na nusu. Ilikuwa na chipu maalumu 480 za sataranji na inaweza kupitia hali milioni 200 kwa sekunde. Lakini mwaka 2009, Buenos Aires, programu iitwayo Pocket Fritz 4 ilicheza mashindano ikiwa ndani ya simu, inapitia hali zisizofika 20,000 kwa sekunde, ikapata pointi tisa na nusu katika michezo kumi. Milioni 200 na elfu ishirini! Simu ile haikuwa na mbio, ilikuwa na busara. Na tangu mwaka 2020 Stockfish yenyewe ilipotiwa mtandao mdogo wa neva wa kupimia ubao, busara imezidi mno. Simu yangu ya mkononi, hii yenye kioo kilichopasuka, ingemfunga bingwa yeyote.

Sasa nilikuwa nimechukua pesa za bati kununua nini?

Nilijibishana na nafsi yangu hadi majogoo. Kama nataka kujua tu nani aliacha malkia wake aliwe bure, simu inatosha, na ningekuwa mwongo nikimwambia mtu mwingine vinginevyo. Kijana anayeanza, asinunue kitu. Lakini mimi nilikuwa na hali 1,920 kila wiki, na simu ikifanya kazi ile saa tano mfululizo inapata moto wa kukaangia yai. Kazi yangu ilikuwa ya wingi, na kwa wingi viini ndivyo vinavyohesabiwa. Hapo sikuwa nimekosea.

Asubuhi nikamwambia mama. Nilikuwa nimepanga maneno marefu, yakaishia kuwa "Mama, nimeingizwa mjini." Akaendelea kupepeta mchele. Baba mdogo alikuwepo, akasema, "Ndiyo maana mimi kompyuta sina." Mama akamwambia anyamaze. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Inauzika?"

Iliuzika. Mwenye steshenari moja pale mjini aliihitaji ya kuchapia barua na wasifu wa watu wanaoomba kazi. Nilimwambia ukweli wote, viini viwili, inapata moto. Akasema, "Mwalimu, mimi nachapa barua, silimi." Akanipa 370,000. Nikapoteza elfu sitini kwa siku nne, na kwa kazi yake ile mashine ilikuwa nzuri kabisa, mpaka leo anaitumia.

Mara ya pili sikwenda na soksi tu, nilikwenda na daftari. Nilikuwa nimeandika namba. Kwanza, iwe ya mezani, si mpakato. Kwa pesa ile ile mezani unapata prosesa isiyobanwa pumzi. Pili, iwe rika la nne la Intel au zaidi, yaani kuanzia mwaka 2013, kwa sababu ndipo maagizo yaitwayo AVX2 yalipoanzia, na Stockfish ya sasa inayatumia sana kwenye ule mtandao wake wa neva. Ya rika la tatu, mfano i5-3470 ya mwaka 2012, ni prosesa nzuri, ina viini vinne, na pengine utauziwa kwa tofauti ya elfu ishirini au thelathini. Usidanganyike na hizo elfu ishirini. Tatu, viini vinne vya kweli.

Na hata hapo kuna mitego. Nilionyeshwa kimashine kidogo kama kitabu cha dini, kizuri, kimeandikwa i5. Nikaomba kiwashwe. i5-4570T. Ile T ni ya kubana umeme, wati 35, na hii moja ina viini viwili. Ndugu yake i5-4590T ana vinne, kwa wati zile zile 35. Tofauti ni namba moja tu katikati ya jina. Muuzaji akaniambia, "Kaka, wewe fundi?" Nikamwambia mimi ni mwalimu, ila nilishachapwa.

Mwishowe nikapata la sanduku, la ofisi ya Ulaya, lina i5-4590, viini vinne, na RAM GB 8. Laki mbili na elfu themanini, bila kioo. Kioo nikatumia televisheni yetu ya zamani. Rafiki yangu aliyeko Dar ana Ryzen 5 5600, viini sita na nyuzi kumi na mbili, na kwa wati 65 inaiacha yangu mbali sana. Kama una pesa ya kununua kipya, nenda huko, sitakuzuia. Ila ukinunua Ryzen ya kabla ya rika la Zen 3 lililotoka mwaka 2020, chukua faili la AVX2, si lile liitwalo BMI2, maana Ryzen hizo za mwanzo zina agizo moja zinalolitekeleza polepole mno na faili hilo la pili linalitegemea. Haya hayagharimu shilingi. Watu wanabadilisha mashine ilhali wangebadilisha faili.

Ile namba? Ilipita milioni mbili kwa sekunde na ikakaa hapo usiku kucha. Kazi ambayo ile mpakato ingeifanya kwa saa kumi na nane na zaidi, hii inaimaliza kwa saa tano na kidogo. Umeme nao niliuchungulia kwenye LUKU, jioni na asubuhi. Nikiwa nimezima televisheni, usiku mzima ulikuwa kama nusu uniti. Tena, jamani, baridi ya Tukuyu tunayoilalamikia ni mali. Prosesa ikipata moto inapunguza mwendo yenyewe. Kule Kyela, joto lile la kando ya ziwa, ungehitaji feni ya kuipepea. Mimi naifungua sanduku upande mmoja, ukungu wa mlimani unaingia dirishani, na mashine inakwenda tu. Tatizo ni umeme kukatika. Nikajifunza kuhifadhi baada ya kila mchezo.

Kuna kitu kilinisumbua, na hadi leo hakijaniacha. Phiona Mutesi, yule binti wa Katwe, Kampala, alijifunza sataranji kwa mwalimu Robert Katende kwenye kibanda, na mwaka 2010 akaichezea Uganda katika Olimpiadi kule Khanty-Mansiysk, Urusi. Hakulelewa na prosesa, alilelewa na mtu aliyekaa mbele yake. Nilijiuliza kama mimi nanunua mashine ili nisikae mbele ya watoto. Kwa hiyo niliweka sheria: majibu ya Usipa sitoi mpaka mwenye mchezo aniambie kwanza yeye anadhani alikosea wapi. Wengine walichukia. Wengine wakaanza kuwahi.

Kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili, mpole, anaandika daftari lake kwa mwandiko mdogo kama anabana karatasi. Katika mchezo mmoja alitoa ngome yake akachukua farasi, akabaki na askari wake watatu na mfalme amekaa mbele. Wenzake walimcheka, "Kagawa ngome!" Ule mchezo alishindwa baadaye kwa kosa jingine. Nilipomuuliza alikosea wapi, akaonyesha lile kosa la mwisho. Nikamuuliza, na ngome? Akasema, "Hapana mwalimu, ngome nilitoa makusudi."

Usiku nikauweka. Sekunde kumi: Usipa akasema amepoteza, tena vibaya. Ningekuwa na haraka ningeandika kwa kalamu nyekundu, na yeye angeamini, maana mashine imesema. Lakini siku ile nilikuwa macho kwa sababu ya mvua, nikaiacha hali ile ile ifikiri. Dakika moja, bado. Dakika mbili, namba ikaanza kusogea. Baada ya dakika nne kwenye viini vyote vinne ikageuka: sare. Mfalme wake alikuwa anawahi kuzuia, kwa hatua moja tu. Kwenye ile i7 yangu ya kibandiko ingekuwa robo saa, nami nisingengoja robo saa.

Kesho yake nikamrudishia daftari. Nilikuwa nimeandika pembeni ya ile hatua neno moja, "Sawa." Akalisoma, akalifunga daftari haraka, akaliweka ndani ya sweta. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata aliandika michezo sita.

Mimi nilirudi nyumbani na hesabu yangu. Baada ya kununua sanduku na kulipa nauli, zilibaki laki moja. Zikatosha mabati matatu na misumari. Tuliyapiga mimi na baba mdogo Jumamosi moja mvua ilipopumua, upande wa mafiga, ili angalau moto usizimike. Upande wa pili mama aliendelea kuweka sufuria mbili, kubwa na ndogo, na usiku nikikaa na mashine chumbani nasikia zile sufuria zikigonga kila moja kwa sauti yake.

Mwezi wa sita ulifika, sikuwa nimerudisha. Nikaanza kununua bati moja moja, kila mwezi nikilipwa za masomo ya jioni. Mama hakuuliza. Alichofanya ni kuchukua mkaa na kuchora mistari saba kwenye ukuta wa jiko, na kila ninapoleta bati anafuta mmoja. Jana nimefuta wa tano mwenyewe, kwa kiganja, yeye akiwa anapika.

"Na Usipa hajambo?" akaniuliza bila kugeuka.

"Hajambo, mama."

"Imebaki miwili," akasema.